Mbwa wa Muuza Vitunguu

Basi likisimama Ilula, wauza nyanya na vitunguu huyakimbilia madirisha wakisukumana. Severina hamkimbilii mtu. Anakaa kwenye kigoda chake, khanga kaikaza kiunoni, na anayetaka vitunguu vizuri atamfuata mwenyewe. Ana maringo, ndiyo, lakini vitunguu vyake hata watu wa soko la Mlandege, mjini, wanaviagiza, sasa asiringe kwa nini?

Nyuma ya kigoda hulala Bosi, mbwa aliyeachwa na marehemu mumewe, Joachim. Watoto wana miji yao. Nyumbani wamebaki hao wawili. Bosi analinda magunia usiku kucha, na Severina hakutaka kumlipa makombo matupu. Kila jioni, akishakula, alimwachia kwenye sahani yake ugali uliolowa mchuzi wa nyama. Na mchuzi wenyewe sasa! Wenzake hukata kitunguu kimoja, yeye alikata vinne, vitano, maana anavyo.

"Dada Severina, huyo unamnonesha," Gwakisa, Mnyakyusa mwenye banda la chapati hapo jirani, hakuchoka kumtania. "Ninyi Wahehe na nyama ya mbwa, nawajua. Krismasi hatutamwona."

"Wewe nitakuwekea mkia," Severina alimjibu, na wote wakacheka.

Kisha Bosi akaanza kuchoka. Mabasi yakaja yakaondoka, hakuinua hata kichwa. Mkojo wake ukawa mwekundu kama chai ya rangi. Severina akampigia simu Edmund, bwana mifugo, naye akaja na pikipiki yake. Akamfunua Bosi mdomo. Ufizi ulikuwa mweupe.

"Mama, anakula nini huyu?"

Severina akaeleza kwa majivuno, vitunguu vyote na hesabu yake. Edmund akakunja uso.

"Kitunguu kinaharibu damu ya mbwa, mama. Kibichi, kilichopikwa, hata mchuzi wake. Akiendelea nacho, tutampoteza."

Severina alidhani anataniwa tena. Alipoona Edmund hacheki, akakaa chini palepale, vumbini.

"Yaani ni mimi niliyekuwa namuua?"

"Hukujua, mama."

Edmund akamchoma Bosi sindano, akaeleza vya kumpa: yai la kuchemsha, boga, karoti, nyama iliyochemshwa bila chumvi wala kiungo. Mifupa ya kuku wanayotupa abiria, asiiguse kabisa, inapasuka na kuchoma utumbo.

Shida ni kwamba Bosi alivikataa vyote. Yai alilinusa akageuza uso. Boga vilevile. Karoti hakuitazama. Alilala mlangoni, macho kwenye sufuria ya mchuzi, mbavu zikihesabika.

"Mpe mchuzi kidogo tu," Gwakisa, aliyekuja nyumbani kumwona mgonjwa, akasihi. Utani ulikuwa umemwisha. "Atakufa na njaa, dada."

Severina akashika upawa. Moyo ulimuuma, jamani! Akaurudisha.

"Simpi."

Akakaa akimtazama yule mbwa, na ndipo akaelewa. Tangu enzi za Joachim, Bosi hajawahi kupikiwa chake. Alikula kilichobaki kwenye sahani ya mwenye nyumba, basi. Hivi vya pembeni hakuviona kuwa chakula.

Basi akachemsha nyama kwa maji matupu, akasonga ugali, akaketi kizingitini akala. Yeye, Severina wa vitunguu! Chumvi hamna, kitunguu hamna, ladha hamna. Akatafuna huku machozi yanamtiririka, Bosi akilifuata kila tonge kwa macho. Alipofika nusu, akaiweka sahani chini.

Bosi akanusa. Akamtazama. Akalamba kidogo, akasita, halafu akaanza kula, polepole, mpaka sahani ikabaki nyeupe.

"Asante Mungu," Gwakisa akasema.

Severina akainuka. Akapangusa uso kwa pindo la khanga, akaingia jikoni, akakusanya vitunguu vyote vya kupikia vilivyokuwa kwenye ungo, akatoka navyo nje na kuvimimina kwenye gunia la kuuza.