Dang'a ya Malkia

Kama kuna mtu aliyezaliwa akiwajua ng'ombe, basi ni Mama Dang'a. Muulize mwenyewe atakuambia, na usipomuuliza atakuambia pia. Alikuwa na miaka hamsini na nane, ng'ombe tisa, mume mmoja mpole, na friza kubwa nyeupe iliyokaa sebuleni pale ambapo wenzake huweka televisheni. Humo alikuwa akigandisha dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ambayo ng'ombe huyatoa siku za kwanza baada ya kuzaa. Jina lake lilitoka hapo, naye alilivaa kama cheo.

Kwao watu husema kwamba mtamba anayezaa kwa mara ya kwanza ana dang'a nyepesi, kwa hiyo ndama wake aongezewe ya ng'ombe mkongwe. Wala si uongo. Ila Mama Dang'a alikwisha kuamua kwamba ng'ombe mkongwe duniani ni mmoja tu, naye ni Malkia wake, aliyezaa mara sita na kujaza ndoo bila kusukumwa. Ndama wote wa zizi lile walianza maisha na Malkia. Majirani nao wakaja na chupa zao, wakasifu, wakashukuru, naye akawajibu, "Jamani, mimi nafanya nini? Ni Mungu tu," huku kichwa kimevimba mpaka kilemba hakitoshi.

Basi Malkia akaanza kuhara. Tena kuhara kwenyewe si kwa siku mbili, ni maji matupu, wiki nenda wiki rudi. Na kula alikula kama yuko kwenye mashindano, lakini mbavu zikazidi kuhesabika. Mama Dang'a, mtaalamu wetu, alisema ni majani mabichi. Alipompa makavu na asipone, ikawa minyoo, akamnywesha dawa ya minyoo mara tatu. Minyoo nayo ilipokana kuhusika, ikawa ni jicho la jirani. Mumewe alipothubutu kusema, "Mke wangu, si tumwite daktari?" alitazamwa mpaka akakumbuka ana kazi nje.

Malkia alipoota uvimbe laini chini ya taya, kiburi kilipungua kidogo, daktari wa mifugo akaitwa. Akaja binti aliyevaa buti za mpira, akachukua damu na kinyesi cha ng'ombe wote tisa, akaondoka bila kutoa hata sindano moja.

"Ndio wasomi wetu hao," Mama Dang'a akamwambia mumewe. "Miaka mitano chuoni, kaja kuchota mavi!"

Jumanne binti akarudi na majibu. Alikaa kwenye kochi, mgongo umeelekea friza.

"Mama, ni paratubakulosi. Inakaa kwenye utumbo, inaufanya uwe mnene, chakula kinapita tu. Haina dawa. Malkia anayo, na wengine wanne."

"Wameitoa wapi? Wale hawatoki zizini!"

"Huwa wanaipata wakiwa ndama. Mavi kwenye chuchu, maziwa, na hasa dang'a ya ng'ombe mgonjwa. Halafu wanakaa miaka mizima wananawiri, huwezi kuwadhania."

"Lakini mimi nagandisha!"

"Vijidudu hivi havifi kwa baridi, mama. Vinasubiri."

Mama Dang'a akaitazama friza yake. Binti akaendelea bila makeke: wale watano watengwe na waondolewe zizini, kila ndama atolewe kwa mama yake mara tu akizaliwa na awekwe banda kavu, anyweshwe dang'a ya ng'ombe aliyepimwa akaonekana mzima. Chupa zote za kwenye friza zifukiwe.

"Na ulizogawa?" daktari akauliza.

Majirani walikwisha kuzitumia zamani, hao daktari alisema atawapitia kuwapimia. Chupa mbili tu zilikuwa bado, kwa mdogo wake Mama Dang'a, fundi cherehani. Huyo alikuwa na mtamba mmoja, aliyemnunua kwa miaka mitatu ya kushona sare za shule. Daktari huyuhuyu alikwisha kumpima akamkuta hana doa. Alikuwa azae wiki hiyohiyo.

"Mwambie leo," daktari alisema. "Asimpe ndama zile chupa."

"Leo hiihii," alisema Mama Dang'a.

Jumatano akapiga simu. Wakazungumza juu ya joto, juu ya goti, juu ya mapazia ya shemeji. Yote yalisemwa isipokuwa lile moja. Alhamisi kulikuwa na nguo za kufua, na kila mtu anajua nguo haziwezi kungoja. Ijumaa asubuhi mdogo wake alipiga mara mbili. Mama Dang'a aliitazama simu ikitetemeka mezani, kisha akamwambia mumewe mtandao ni mbovu.

"Ni ng'ombe wake wa pekee," mumewe alisema.

"Nimekusikia!"

Aliona aibu, hakuna cha kuficha. Mdogo wake huyo ni yeye aliyemlea, akamfundisha kukamua, na miaka yote alimpa Malkia kama mfano. Angeanzia wapi kusema amewagawia watu ugonjwa kwa mikono yake, tena huku akishukuriwa?

Jumamosi akaenda. Mdogo wake alikuwa mlangoni mwa banda, uso unang'aa.

"Dada! Mtoto kaja jana, na ni jike! Njoo umwone!"

Ndama alisimama kwenye majani makavu, miguu bado haijui iende wapi.

"Amekunywa nini?" Mama Dang'a aliuliza.

"Ya mama yake. Halafu nikakupigia nikuulize nimwongezee chupa moja au zote mbili. Hukupokea. Nikasema, kwa Malkia wa dada hakuna ubahili, nikampa zote."

Mama Dang'a akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Akasema yote, moja baada ya jingine, bila kumsingizia Mungu wala jirani. Mdogo wake alisikiliza akiwa na mkono shingoni mwa ndama.

"Si apimwe?"

"Akiwa mdogo hivi kipimo hakioni kitu."

"Kwa hiyo tutajua lini?"

"Miaka miwili. Mitatu. Pengine zaidi."

"Na wewe ulijua lini, dada?"

"Jumanne."

Mdogo wake akamwachia ndama. Aliingia ndani, akatoka na zile chupa mbili tupu, akampa. Alikuwa ameziosha vizuri.