Makaribisho ya Ng'ambo

Mke wangu hunitania kwamba mimi hata nikikaribishwa harusini naenda kwa kusukumwa. Leo amekaanga simsim, na ile harufu imenirudisha Busia, pale kwenye kizuizi cha mpakani, nikiwa mtoto mdogo nimembebea mjomba kifurushi cha simsim. Alikuwa anavuka kwenda Uganda kumtoa mkewe, siku zile ambazo watu wa huko walikuwa wakikimbilia kwetu kuokoa maisha.

Askari wa ng'ambo alisoma karatasi za mjomba, akatabasamu. "Karibu sana, mzee! Tulikuwa tunakungoja. Leo utalala mahali pazuri kupita nyumbani."

Nikatoka mbio kumpelekea mama habari njema. Alikuwa akipepeta mtama.

"Mama, wamempokea vizuri! Hata pa kulala wamempa."

Ungo ukatulia. "Nani amesema hivyo?"

"Askari. Na wenzake wakafurahi sana."

"Walifurahi namna gani?"

Nikamwonyesha. Nikashika tumbo, nikacheka kwa sauti nene kama wao.

Mama hakunikemea. Nilikuwa ningali nacheka alipoanza kumlilia kaka yake, na wakati huo mjomba hata hakuwa amechelewa kurudi.