Miguu Mia na Sitini

Hebu mwone anavyoshuka kwenye lori. Kinatangulia kiatu cha raba, kisha mkono ulioshika mlango, kisha mama wa makamo aliyekaa kitini siku moja na nusu mpaka magoti yamegoma. Anajinyoosha mbele ya jengo la ofisi. Kabla hajamsalimia yeyote, anautazama mlango juu mpaka chini, kushoto mpaka kulia.

"Zitapita," anamwambia dereva.

Huyo ndiye Mama Futi. Jina alipewa na mafundi wa karakana ya samani anakofanya kazi, maana hupima kila kitu. Wanasema hata mgeni akija kumjulia hali, yeye humkagua kwa macho aone kama atapakiwa wima au kwa kulazwa.

Pale karakana alianza kwa kufagia maranda, mwaka aliofiwa na mumewe. Mwenye karakana ni kaka wa marehemu, kwa hiyo bosi wake ni shemeji yake, na mashemeji mnawajua: kazi nusu, utani nusu. Alikuwa akifagia huku anatazama vijana wanavyopakia ovyo. Siku moja viti kumi na viwili vikakosa nafasi. Akaweka ufagio chini, akasema, "Shusheni vyote." Alivyovipanga yeye, viliingia vyote na pembeni pakabaki pa kulaza stuli. Tangu siku hiyo usafirishaji ukawa wake. Miaka kumi na tisa sasa.

Na hapa nikueleze kitu, ndugu yangu, usije ukaniacha njiani. Samani si saruji. Kwenye samani lori hulipii uzito, unalipia nafasi. Meza ya ofisi ikisimama kwa miguu yake minne, chini yake pana uwazi mtupu, na uwazi huo unalipiwa sawasawa na mbao.

"Shemeji, tunasafirisha hewa," Mama Futi alisema ilipokuja oda ya meza arobaini.

"Basi ifunge kwenye gunia tukaiuze hukohuko."

"Cheka tu. Meza arobaini zikiwa zimesimama ni malori mawili. Malori mawili, kwenye kazi hii hutabaki hata na msumari."

Hapo shemeji aliacha kucheka. Karakana ilikuwa imekaa miezi minne bila oda ya maana. Kampuni iliyoagiza meza hizo ilikuwa na matawi mengine matano yanayosubiri meza. Hizi zikipendwa, mafundi sita wana kazi ya mwaka mzima. Zikikataliwa, anafunga mlango. Alishawaambia, na siku hiyo hakutania.

Shauri la Mama Futi lilikuwa jepesi. Miguu isigundishwe. Mbao za juu zilazwe moja juu ya nyingine, miguu ifungwe kwenye mablanketi, ikaunganishwe ofisini. Lori moja.

"Sawa, lakini nisikilize," shemeji alisema. "Mimi nachonga kwa mkono, sina mashine. Kila mguu una tundu lake. Ukichanganya, umeniua."

"Nitaweka alama."

"Na usinikwaruzie vanishi yangu!"

Penseli haikuonekana kwenye vanishi nyeusi. Mama Futi akachukua chaki. Kutwa nzima aliinama akiandika, meza ya kwanza mguu wa kwanza, wa pili, mpaka mia na sitini. Chaki ilikuwa wazo lake mwenyewe, tena wazo la busara: ukifika, unapitisha kitambaa, imetoka.

Sasa amefika. Mbao za juu zimepita mlangoni kama alivyosema. Dereva anafungua blanketi la kwanza. Anafungua la pili.

"Mama, hii miguu imeoga."

Kumbe siku moja na nusu ya mashimo ya barabara, mablanketi yalikuwa yakisugua. Hakuna namba hata moja. Mama Futi alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Kisha akapiga magoti, akachukua mguu mmoja na kuanza kuujaribu kwenye tundu baada ya tundu.

Mpaka adhuhuri walikuwa wamesimamisha meza tisa, zimegundishwa, nzuri kweli. Zimebaki thelathini na moja. Meneja wa ofisi alipita mara tatu akiangalia saa. Wafanyakazi wake arobaini walikuwa wanaanza kazi kesho yake asubuhi.

Ndipo Mama Futi akashika patasi. Miguu iliyogoma aliipunguza ncha mpaka ikaingia. Iliingia, ndiyo, ila ilicheza tunduni kama jino la mtoto wa miaka sita. Akajaza gundi, akaomba Mungu.

Meneja aliporudi mara ya nne aliegemeza kiwiko kwenye mojawapo. Meza ikapiga magoti taratibu, mbele kwanza, kama mbuzi anayelala.

Afadhali angefoka. Alijipangusa mkono wa shati, akasema kwa upole, "Mama, pole na safari. Mimi na wewe hatuna ugomvi. Ila nimeshapiga simu, wanaleta meza za chuma jioni hii. Hizi naomba mziondoe."

"Na yale matawi mengine, baba?"

"Mama, ziondoe tu."

Dereva alimvuta pembeni. Zile tisa zilizogundishwa hazifunguki tena, zitarudi zimesimama, na uwazi wao chini. Lori moja halitatosha.

"Najua," Mama Futi alisema. Alishazipima.

Simu ikalia. Alikuwa shemeji, na nyuma yake ilisikika minong'ono ya mafundi waliokusanyika, na mmoja anawanyamazisha wenzake.

"Shemeji! Tuko wote hapa, nimeweka sauti juu. Haya tuambie, zimesimama?"

Mama Futi alizitazama zile tisa, ziking'aa karibu na dirisha. Alizitazama na zile nyingine. Ni kweli kwamba tisa zilikuwa zimesimama.

"Shemeji, unanisikia?"

Wewe ungekuwa umeishika simu ile, na watu saba wanakusikiliza, ungewajibu nini?