Mguu wa Mama Naserian

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa karakana ya miguu bandia pale Kijenge alinipa kitambaa na chupa ya asetoni kabla hajaniuliza jina. "Ufa ukiuona, futa, piga msasa, ziba. Ufa hausubiriwi." Niliishi na amri hiyo miaka yangu yote ya kazi, na vijana niliowafundisha waliisikia mpaka wakaichoka.

Tulitengeneza soketi, yaani kikombe kinachopokea sehemu ya mguu iliyobaki. Unavika nyuzi za kaboni juu ya kalibu ya plasta, unamimina resini, gundi ya majimaji, unaacha igande. Ni nyepesi na imara, lakini kwenye mawe ya magharibi ya Mlima Meru resini huanza kupata nyufa nyembamba kama unywele. Mama Naserian, mfugaji wa huko, zilimrudisha mjini kila baada ya miezi michache, na ng'ombe wakabaki kwa jirani.

"Fundi," aliniambia, "ukipasuka tena nawauza. Siwezi kuchunga nikiwa kwenye benchi lako."

Niliumia sana.

Mwaka wangu wa mwisho akaja Mhandisi, binti wa Kichaga, na resini yenye vifuko vidogo kuliko chembe za unga. Ufa ukivipasua, dawa iliyomo inavuja, inaganda, inauziba. Nyuzi zilizokatika haiziungi, ila huuwahi ufa kabla haujazifikia. Nilisisimka mwili mzima! Tukapasua kidogo soketi ya majaribio, nikaona majimaji, mkono ukaenda wenyewe kwenye asetoni. Nikafuta, safi kabisa.

"Shikamoo tena, mzee," Mhandisi akasema taratibu. "Uliyoifuta ndiyo dawa."

Tukarudia. Safari hii nilikalia mikono. Kesho yake ufa umejifunga. Tukaitwika soketi mifuko ya mchanga, ikatulia bila kupasuka. Nilicheka peke yangu. Baada ya majaribio mengi, tukamtengenezea Mama Naserian ya kwake.

"Ukiona unyevu kwenye ufa, vua mguu, uuache mpaka kesho. Usifute."

"Na wewe utafanya nini?"

"Sifanyi kitu."

Akaniangalia kama anayeuziwa mbuzi mgonjwa, akaenda.

Miezi ikapita, hakuja. Siku ya kuniaga kazini walinisifu kwa nyufa nilizoziba, nami nawaza kama ng'ombe wameuzwa. Nikatoka nje, nikampigia simu. Nikasikia kengele za ng'ombe, na yeye akihema.

"Fundi, sema haraka, wanaingia shamba la watu."

Akakata. Hata habari za mguu sikuuliza.