Nilianzisha kikundi cha kuacha pombe bila viapo hapa Itigi, nikawanywesha wanachama pombe kwa mkono wangu

"Sasa mwanangu, kama siapi kwa kitu chochote, nani ataniamini?"

Wakuu, swali hilo niliulizwa na baba yangu mdogo akiwa amekaa juu ya ndoo ya asali iliyopinduliwa. Mimi na digrii yangu ya sosholojia nilijifanya natafuta kalamu.

Habari zenu popote mlipo. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, lakini leo nina furaha ambayo nisipoitoa itanipasua. Sitaongeza chumvi, kisa chenyewe kinayo ya kutosha. Nimebadilisha majina tu.

Niko Itigi, Singida. Kwa msiopajua: reli, vichaka na asali. Na penye asali pana wanzuki, pombe ya asali ambayo mwanzo unaiona kama juisi, baadaye unatafuta miguu yako.

Baba mdogo, tumwite Njiku, alikuwa fundi wa reli. Ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa herufi zilizoandikwa ubavuni mwa mabehewa ya mizigo, kabla sijaijua shule.

Niliporudi kutoka chuo nilimkuta macho yamekuwa ya njano, mikono inatetemeka mpaka kifungo cha shati anafungiwa. Nilimpeleka hospitali. Daktari hakuzunguka: "Mzee, ini limechoka. Ukiendelea kunywa, mwaka huu hauumalizi."

Tatizo ni kwamba alikuwa ameshaacha mara tatu.

Mara mbili aliapa kanisani. Mara ya tatu aliapa mbele ya wakwe zake, maana mama mdogo anatoka familia ya Kiislamu. Mara zote aliapa kwa moyo mweupe, na mara zote akaanguka.

Nilichokuja kukigundua ni kwamba akishaanguka, aibu ilikuwa kubwa kuliko kiu. Alikuwa akimkwepa mchungaji, anawakwepa wakwe, anamkwepa hadi Mungu. Anaishia mahali pekee ambapo hakuna wa kumuuliza, kilabuni kwa mama mmoja anayeitwa Mama Wanzuki, ambako nafasi yake kwenye benchi haikaliwi na mtu hata asipotokea wiki nzima.

Mimi ni mtu wa maswali tangu utotoni. Mwalimu wa kipaimara aliwahi kuniambia maswali mengine nikaulizie nje. Basi nikajiuliza: hivi mtu hawezi kuacha pombe bila kumwapia yeyote?

Nikaingia mtandaoni, nikasoma mpaka simu ikawa ya moto. Kumbe wenzetu huko duniani wana vikundi vya hivyo! Hakuna kutubu wala kuapa. Watu wanakutana, kila mmoja anasema ukweli wa wiki yake, wanapanga namna ya kuivuka wiki inayofuata. Anayesali anasali kwake, asiyesali haulizwi.

Wakuu, usiku huo sikulala kwa msisimko.

(Kabla sijaendelea: kama kuna mtu wako anakunywa kila siku, msimwachishe ghafla nyumbani. Inaweza kumuua. Sisi kila mtu anapita hospitali kwanza.)

Chama cha wafuga nyuki kilituazima stoo yake, Jumamosi saa nne asubuhi. Siku ya kwanza walikuja wanne: baba mdogo, kijana wa bodaboda anaitwa Shabani, na mafundi ujenzi wawili, ndugu. Nilikuwa na karatasi kubwa ukutani, kalamu za rangi, na mada tano.

Ilikuwa kama mtihani wa taifa. Wanaume wanne wanaangalia viganja vyao. Hapo ndipo baba mdogo aliponiuliza lile swali, nami nikatafuta kalamu.

Mwishoni Shabani akanionea huruma. "Dada msomi, usikasirike. Sisi tumezoea kuongea tukiwa na kitu mkononi. Mikono ikiwa mitupu, mdomo nao unakauka."

Jamani! Kitu kidogo hivyo, na hakikuwa kwenye PDF hata moja!

Tukakubaliana togwa, ule uji wa unga na kimea. Tamu, haileweshi, hata mtoto anapewa. Na kweli, Jumamosi mbili zilizofuata stoo ilichangamka. Shabani alisimulia alivyoiacha pikipiki yake chini ya mti, akaenda kuripoti polisi kwamba imeibwa. Mmoja wa mafundi alilia waziwazi, ndugu yake akamshika bega. Ilipofika Jumamosi ya nne, baba mdogo alikuwa amefikisha siku kumi na tisa. Kumi na tisa!

Sasa sikilizeni nilichofanya.

Wiki ile mama yangu, ambaye alitupikia togwa kila Ijumaa, alikuwa anasafiri Alhamisi kwenda Manyoni, kwa hiyo togwa aliipika Jumatano. Mimi nikaifunika vizuri kwenye ndoo, nikaiacha mpaka Jumamosi. Na joto lile la Oktoba, mnalijua.

Huku kwetu anayeleta kinywaji huonja kwanza mbele ya watu, kuonyesha kwamba ni salama. Nikachota, nikaonja. Niliona ina ukali kidogo na povu zuri. Nikatangaza kwa sauti, "Safi kabisa! Karibuni."

Wakuu, mimi sijawahi kunywa pombe maishani mwangu. Ningejuaje?

Shabani alimaliza cha kwanza, akanyoosha kikombe. "Dada, togwa ya leo ina mikono, inashika kweli. Hebu ongeza." Wale mafundi walikuwa wameshafika cha pili.

Baba mdogo alipiga mafunda mawili. Taya zikasimama, kama za mtu aliyekuta jiwe kwenye wali. Akakiweka kikombe chini taratibu.

"Mwanangu, hii ni pombe."

Akatoka.

Nilikimbia hadi mlangoni. Nikamwona anavuka reli, anashika njia ya kwa Mama Wanzuki. Niliita, hakugeuka.

Sikumfuata. Wiki zote zile nilikuwa natoa somo kuhusu aibu, na siku hiyo ndiyo niliijua.

Jioni mji mzima ulikuwa na habari. Sokoni muuza nyanya alinisimamisha: "Msomi, ile dawa yako ya kuachisha pombe tunakuja na vikombe vyetu au mnavyo?" Watu wakacheka mpaka wakashika matumbo. Mwingine akasema ndiyo matokeo ya kufanya mambo bila kumtanguliza Mungu.

Jumamosi iliyofuata nilienda stoo kurudisha ufunguo. Nilishaamua kufunga.

Baba mdogo alikuwa mlangoni. Shati limefungwa, macho makavu. Mkononi ana kikombe cha bati cha bluu, kimebanduka rangi mdomoni.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Fungua, jua kali."

Akaja Shabani, kisha mafundi wote wawili. Nikasimama mbele yao. "Nilionja na sikujua nilichoonja. Nikasema safi kwa kitu nisichokijua. Nisameheni."

"Tumekusamehe," Shabani akasema, "ila upishi uache." Tukacheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka.

Tukarudi kwenye hesabu ya siku bila pombe. Shabani alitetea kwamba aliyenyweshwa hajanywa, kwa hiyo baba mdogo ana siku ishirini na sita. Baba mdogo akakataa.

"Andika saba. Mimi nahesabu tangu ile Jumamosi."

Nilijua ni kwa sababu ya yale mafunda mawili. Nikaandika saba. Kule alikokwenda baada ya kuvuka reli sikumuuliza, kwa sababu kanuni yetu inasema hatuulizani ulikuwa wapi, kila mtu anasema mwenyewe. Kanuni hiyo niliitunga mimi, na ndiyo ngumu kuliko zote kwa mtu wa aina yangu.

Tangu siku ile tunakunywa chai ya asali, inayochemka mbele ya macho yetu. Yeye kila wiki na kikombe chake cha bluu. Tukimtania kwamba anaogopa tutamwekea togwa, anajibu, "Hiki kimezoea mkono wangu."

Imepita miaka miwili, wakuu. Tuko kumi na sita, wanawake watano, na jirani zetu wa Issuna wameanza kikundi cha kwao! Wapo walioanguka wakarudi wiki hiyohiyo, kwa sababu hakuna kiapo walichovunja. Shabani ameanguka mara mbili na bado ndiye anayetuchekesha. Baba mdogo anafunga vifungo vyake mwenyewe. Daktari alimwangalia, akaangalia faili, akamwangalia tena.

Nilichojifunza: kabla hujamletea mtu msaada, uliza watu wake wanakaaje wakiwa pamoja. Na kitu usichokijua usikisemee kuwa ni safi. Wenye uzoefu, wenye maswali, na mnaoona nimekosea kuiweka dini pembeni, uwanja ni wenu. Matusi tu ndiyo sitajibu.

Lakini kilichonifanya niandike leo nimekijua Jumamosi iliyopita.

Mlango uligongwa, akaingia Mama Wanzuki mwenyewe. Akasema, "Miaka kumi na nane naonja kabla ya wateja. Nilikuwa nasema naonja tu. Na mimi naruhusiwa?"

Baba mdogo akamsogezea ndoo akae.

Mama akakiona kile kikombe, akacheka peke yake. Akanigeukia. "Kwangu kila mteja wa kudumu ana kikombe chake, kimetundikwa kwenye msumari wake. Huyu aliwahi kupotea siku kumi na tisa, sikukigusa. Wote walioacha pombe kabla yake waliacha vikombe palepale, na nafasi zao tunawatunzia, tunajua watarudi. Kisha Jumamosi moja akaingia, wenzake wakamsogelea kumpa nafasi. Hakukaa. Akakitoa msumarini, akakifuta kwa shati lake, akatoka nacho."

"Mkasemaje?" nikauliza.

"Nilichukua nyundo nikaung'oa ule msumari."