Saa ya Kuzamia kwa Kiwanja cha Msalato

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa saa. Fundi Mkuu, mwenye duka jirani na soko la Dodoma mjini, alinikabidhi kitambaa na glasi ya maji.

"Wewe wa kijijini Busi, umesoma mpaka wapi?"

Nikamwambia la nne.

"Inatosha. Saa haitoki dukani kwangu ikinuka jasho la mtu. Itoke kama imezaliwa leo."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kazi yetu. Kioo kikikwaruzika, tunabadili. Mwili wa chuma tunaupiga msasa laini, kisha polishi, mpaka mteja ajione. Uso wa saa, yaani ile sahani yenye namba, ukififia tunaupaka rangi upya kwa brashi nyembamba kama unywele. Kwa brashi ile, Dodoma nzima hakuna aliyenifikia. Waulizeni waliobaki. Kabla ndevu hazijanijaa, makarani wa serikali walikuwa wakimpita Fundi Mkuu na kuja kwenye meza yangu.

Ikaja miaka ya ruksa, bidhaa za nje zikafunguliwa mlango. Saa za plastiki kutoka Dubai zikamwagwa sokoni kama karanga. Ikifa, mtu anatupa, ananunua nyingine. Wenzangu wakahamia kutengeneza redio. Mimi niliona mbele. Karani mmoja aliniletea saa aliyoachiwa na mhandisi wa kigeni wa visima: saa ya kuzamia baharini, huku kwetu ambako mto ni mchanga karibu mwaka mzima! Pete yake ya nje huzungushwa ili mzamiaji ajue amekaa chini ya maji muda gani. Haina betri, hujijaza mkono unavyotembea. Fundi Mkuu aliitazama kwa lenzi.

"Kijana, hizi watu watakuja kuzitafuta kama madini. Ukiipata, ifiche."

Nikaipata. Nilikuwa na kiwanja Msalato, mbigili na vichuguu vitupu. Nikampa Karani kiwanja, akanipa saa.

"Umetoa ardhi kwa bangili?" mke wangu aliniuliza.

"Subiri uzee wetu," nikamjibu. "Nyumba yako ni hii."

Saa yenyewe ilikuwa imechoka. Namba zimegeuka rangi ya chai ya maziwa, pete imepauka, chuma kina makovu. Nikaifanyia kazi bora kuliko zote za maisha yangu, nikaifungia sandukuni ikiwa mpya tupu.

Macho yaliponikataa, nikafunga meza na kufungua sanduku. Mnunuzi wa saa za kale, mwanamke wa makamo, akaja kutoka Dar es Salaam.

"Shikamoo, baba." Akaichungulia kwa lenzi yake. "Nani ameichezea hii?"

"Kuichezea? Nimeitengeneza mimi, kwa mkono huu."

"Baba, wateja wangu wanataka ule ukongwe. Rangi iliyofifia, makovu yake. Ungeiacha vile vile, leo ungekuwa unaita mafundi wa kujenga. Sasa ni saa ya kuvaa tu."

"Yaani wanalipia uchafu?"

"Wanalipia uchafu, baba."

Nikaitumbukiza kwenye glasi ya maji mbele yake, kama tulivyomfanyia kila mteja mwenye saa isiyoingiza maji. Hakikutoka kipovu hata kimoja. Nilipoinua macho, alikuwa ameshafunga mkoba.

Vijana wananiambia nilikosea. Nilikosea nini? Nilifundishwa kumrudishia mtu kitu chake kikiwa kizima, na niliifanya kazi hiyo kuliko yeyote. Matajiri wa mbali ndio walioamua baadaye kwamba kovu lina thamani kuliko mkono uliolifuta. Hawakuniuliza.

Karani amejenga Msalato, na uwanja wa ndege umemfuata hadi karibu na mlango wake. Mimi napanga chumba. Ndege ikipita juu ya paa la mwenye nyumba wangu, mke wangu hutazama juu, kisha hutazama mkono wangu. Nami huitazama saa. Ndege imechelewa. Saa yangu haijawahi kuchelewa.