Nilimwacha Bosi Afute Alama ya §

Asubuhi moja wagonjwa mia tisa wa hospitali yetu walipona mzio kwa mpigo. Bila daktari. Bila hata kidonge.

Aliyewaponya namjua. Tulia nikusimulie.

Programu ya kuhamisha kumbukumbu za wagonjwa kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya niliiandika mimi, miezi mitano. Bosi akafuta jina langu, akaweka lake, akapandishwa cheo. Mimi akanitupa chumba cha printa.

Nilimchukia, jamani. Hata kikohozi chake kilinikera.

Ila aliiba kazi haijaiva. Mfumo wa zamani haukuwa na nafasi ya kuandika mzio, kwa hiyo wauguzi walijitungia njia yao: mgonjwa ambaye mwili wake unakataa penisilini, anawekewa § mbele ya jina. Haikuandikwa popote. Waliniambia kwa mdomo, na kipande cha kuihamisha alama hiyo nilikuwa sijakigusa.

Siku ya kuhamisha, mfumo mpya ukazikataa rekodi zote zenye §. Bosi akaja mbio, jasho linamtoka.

"Mdogo wangu, hiki kidude kina maana gani?"

Leo nimekuwa mdogo wake!

"Bosi, programu si yako?"

"Acha utani. Nikizifuta alama hizi zote kuna shida?"

"Wewe ndiye mtaalamu."

Akafuta. Rekodi zikapita zote. Mimi nilikuwa na nakala ya zamani kwenye flashi. Nilipanga wauguzi walalamike, yeye aumbuke, kisha nijitokeze kuokoa jahazi.

Kesho yake saa nne, fundi cherehani mmoja, mama wa watoto wawili, alichomwa sindano ya penisilini kwa ajili ya kidole kilichotunga usaha. Uso ukavimba, pumzi ikakata.

Nilichapa orodha ya wenye § kutoka kwenye flashi yangu, nikakimbia nayo wodi hadi wodi. Yule mama, madaktari walimrudishia pumzi kwa tabu sana.

Kwenye kikao cha uongozi wa hospitali bosi akaninyooshea kidole. "Nilimuuliza huyu!"

"Hakuniuliza," nikasema, macho makavu.

Akafukuzwa palepale. Nilimtazama akibeba boksi lake hadi getini, na nilifurahi, sitadanganya. Kiti chake nikapewa mimi.

Wiki mbili baadaye yule fundi akaja ofisini kunishukuru. Sauti yake bado ilikuwa inakwaruza.

"Eti, aliyefuta alijua maana yake?"

"Hakujua, dada."

Akashusha pumzi. "Basi nimemsamehe. Angekuwepo mtu aliyejua akanyamaza, huyo nisingemsamehe mpaka naingia kaburini."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka.

Wewe mwenye kinyongo na bosi wako, mngoje nje ya geti mkashikane mashati. Usimtegee mtego mahali ambapo atakayekanyaga ni mtu mwingine.